Ushahidi wa Kiti cha Uvivu

Wifi yangu anataka kuitia fremu. Amesimama sebuleni kwake, Lindi mjini, ameishika picha kwa ncha za vidole kama ameshika kitumbua cha moto, kichwa kakilaza upande, anasema, "Inatuliza, wifi. Ukiitazama unapumua." Kaka yangu Hamisi naye kakubali, maana yeye hukubali lolote linalosemwa kabla ya chakula kuiva. Ukuta wameshauchagua, ule wa juu ya televisheni. Kitu kimoja tu kinawakera, maandishi ya chini. Wifi anasema yatakatwa kwa mkasi, haina shida.

Haina shida! Picha yenyewe ni kiti kitupu cha kukunja, cha mbao na turubai, kile tulichokiita kiti cha uvivu. Kimechorwa kwa rangi za maji, nyuma ya karatasi ya kalenda, na mtoto wa miaka minane. Maandishi ya chini, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima, yanasema: KITI CHA BABU KWA MFAUME MWIZI. Mtoto huyo ni mimi. Picha ile haikuchorwa ili mtu apumue. Ilichorwa ili mtu afungwe.

Tuliikuta katika sanduku la Bibi, wiki ya arobaini yake, chini kabisa, imeviringishwa ndani ya kanga iliyofifia. Nilipoifungua ikanijia harufu ya mabibo yaliyoiva yakapita kiasi, tamu na chachu kwa pamoja, ile harufu inayokufuata mpaka darasani msimu wa korosho. Hamisi anasema ni udi tu wa sandukuni, mabibo nimeyatoa kichwani. Sawa. Lakini pembeni mwa picha kuna doa la kahawia ambalo si rangi, ni utomvu wa bibo, na nakumbuka lilivyodondoka. Sikubishana naye. Nimechoka kubishana na watu wasiokuwepo.

Basi nisimulie, labda nitaachiwa picha yangu.

Babu na Bibi ndio waliotulea, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Rutamba ukitokea Lindi. Babu alikuwa na mikorosho yake, mtu mrefu, mpole, mvivu. Nasema mvivu kwa heshima zote, kwa sababu Bibi alilitamka neno hilo kila siku na Babu hakulikanusha hata mara moja. Akirudi shamba alikifungua kiti barazani, akajilaza, akavua kofia na kuilaza juu ya tumbo. Turubai lake lilikuwa la mistari ya kijani na nyeupe, na upande wa kushoto, pale bega linapoegemea, lilikuwa limechanika mpasuko wa shubiri nzima. Ule mpasuko ndio uliokuwa ugomvi wa nyumba yetu. Wenzetu waligombana juu ya mipaka na mahari, sisi tuligombana juu ya turubai.

"Utaanguka wewe mwanamume, uvunjike shingo! Kishone!"

"Kesho," Babu alijibu, macho kafumba.

"Kesho ya mwaka gani?"

"Kesho, mke wangu. Usipige kelele, turubai litasikia litachanika zaidi."

Bibi aliondoka akitwanga hewa kwa mikono. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Mfaume. Nyumba yao na yetu ni watani, toka kwa mababu ambao hakuna aliyekumbuka hata majina yao. Ninyi wa rika langu wa huku Kusini hamhitaji kuelezwa, ila watoto wetu wanadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Mtani ni mtu aliyepewa ruhusa ya kukutukana akiwa na haki zake zote, na kukunyang'anya kilicho chako ukiwa unamtazama, nawe ukikasirika umeshindwa wewe. Na siku ya msiba wako, wakati ndugu zako wote wamelegea, ndiye atakayesimama.

Mfaume hakuwahi kumwamkia Bibi shikamoo, ingawa Bibi alimpita umri kwa mbali. Aliingia uani bila hodi.

"Kikongwe, hujafa tu?"

"Nife, anizike nani? Wewe mwenye kichwa kama kifuu?"

Basi wanacheka mpaka kuku wanakimbia. Mimi alinifinya masikio na kuniita mke wake. "Mke wangu, uji uko wapi? Mke gani huyu, anashinda anacheza rede!" Nilimchukia. Wakubwa walinicheka kwa kumchukia kwangu, jambo lililoniongezea kumchukia. Hakuna kitu kinachomkera mtoto kama kuumia halafu watu wote waone inachekesha.

Babu alifariki msimu wa korosho, asubuhi moja, kwa ugonjwa wa siku mbili ambao watu walisema ni homa tu. Bibi akaingia ndani kukaa eda, na kwa miezi minne na siku kumi hakupaswa kutoka. Makochi na meza yakatolewa nje, mikeka ikatandikwa, watu wakajaa. Nilikuwa nimekaa na wanawake chumbani, kichwa kwenye paja la Bibi, niliposikia nje mtu anakohoa kikohozi cha Babu.

Ni kweli nilidhani amefufuka. Nilikimbilia dirishani. Mfaume alikuwa amejilaza kwenye kiti cha uvivu katikati ya uwanja, amevaa kofia ya Babu na koti la Babu, ameilaza mikono tumboni. Akakohoa tena, kwa vituo vile vile. "We mwanamke!" akaita kuelekea dirishani. "Mbona uji hauji? Nimekufa toka alfajiri, nina njaa!"

Nikamgeukia Bibi nikitegemea atalaani. Bibi alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka, kamasi zinamtoka, na anacheka, kanga kaibana mdomoni, mabega yanaruka. Nikaona dunia imeharibika.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Mfaume akakikunja kile kiti, akajitwika kichwani na kuondoka nacho. "Mwenyewe kaniusia!" akatangazia watu. "Kalala humu maisha yake yote, sasa zamu yangu!"

"Mwizi!" Bibi akapiga ukelele toka ndani. "Mwizi huyo! Kamateni! Rudisha kiti cha mume wangu, mwizi mkubwa wewe!"

Hakuna aliyemkamata. Watu wazima wenye miguu na mikono, hata mjomba wangu aliyejulikana kwa ugomvi, wote wamekaa wanapangusa machozi ya kucheka. Nilimtazama mmoja mmoja nikiona aibu kwa niaba yao. Bibi yangu, mjane, amefungiwa ndani, anaibiwa mchana kweupe, anapiga yowe, na nyumba nzima inakenua meno. Mimi sikujua kwamba kiti kingerudi chenyewe siku ya arobaini, na sisi tungemtolea Mfaume jogoo kwa matusi na vigelegele, na hapo ndipo msiba ungefungwa. Hakuna aliyeniambia. Mpaka leo hilo linanikera. Watu wazima huficha kanuni kisha humwadhibu mtoto kwa kuzivunja.

Nikaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Alikuwa kijana mgeni, kaletwa kutoka mbali huko bara, na kazi yake aliichukulia kwa uzito wa kutisha. Nikamweleza kuna mwizi.

"Una ushahidi?" akaniuliza, bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Leo nafahamu alikuwa ananifukuza kistaarabu. Lakini mimi nilisikia nimepewa kazi.

Mama yangu mdogo aliwahi kuniletea kutoka Lindi kibati cha rangi za maji, kilichokwisha kutumiwa na watoto wake. Nyeusi ilikwisha, njano ilibaki ukoko. Nyekundu peke yake ilikuwa nzima kabisa, mviringo wake haujaguswa, kwa kuwa watoto wale walipenda kuchora bahari. Brashi ilikuwa imenyonyoka, nikatafuna kijiti cha mswaki mpaka kikatoa nyuzi. Nikabandua ukurasa wa kalenda uliokwisha muda wake, nikachukua maji kwenye kopo la maziwa, nikajificha katika shamba la muhogo lililopakana na ua wa Mfaume, chini ya mkorosho uliokuwa ukinidondoshea mabibo mgongoni.

Siku nne nilikwenda pale. Kiti kilikuwa barazani kwake, kimefunguliwa. Hakuna aliyekikalia, nami nikafikiri anaogopa. Mfaume mwenyewe alikuwa akiingia na kutoka, anakaa chini kando yake kwa muda, anaondoka. Akitoka tu, nachora. Nilichora kila kitu kwa uaminifu wa askari: mistari ya kijani niliyoipata kwa kuchanganya buluu na ule ukoko wa njano, mbao, vivuli, hata msumari uliochomoza mguuni. Niliamini nikikosea hata mstari mmoja mtendaji atasema hicho ni kiti kingine.

Siku ya tano nikampelekea. Akaitazama picha kwa muda mrefu, akayasoma yale maandishi, akauliza, "Na bibi yako anasemaje?"

"Anasema mwizi," nikamjibu. "Alipiga yowe, watu wote walisikia."

Ndivyo ilivyokuwa, sikudanganya. Mtendaji akanirudishia picha, akaandika barua ya wito. Mgambo akaipeleka akiwa kavaa buti, siku watu wamekusanyika kupima korosho, akaisoma kwa sauti mbele ya wote.

Mchana ule ule Mfaume akaja na kiti kichwani, kimekunjwa. Nilikuwa mlangoni, nikijiona mshindi. Hakuingia uani moja kwa moja. Alisimama nje ya ua akapiga hodi, na sijawahi kumsikia Mfaume akipiga hodi. Akakiweka kiti chini taratibu, akasogea karibu na dirisha la Bibi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema. "Kiti chako hiki hapa. Nisamehe."

Bibi hakuitikia marahaba. Nilisikia kitu kama pumzi inavutwa, basi. Mfaume akanigeukia, nami nikayafunika masikio yangu kwa mazoea. Hakunifinya. "Kwa heri, binti," akasema, akaondoka.

Nikaingia ndani nikingoja kusifiwa. Bibi aliponiita nimsogelee, alinishika mkono mpaka ukauma. "Nani kakutuma?" akauliza. Nikasema hakuna, nimekusaidia, umeibiwa. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona, hata kwa lile turubai.

"Mtani hashitakiwi," akasema. "Unasikia? Mtani hashitakiwi! Kaniita mama. Kanipa shikamoo. Bora angenipiga."

Sikuelewa hata chembe. Mtu kakuamkia kwa adabu, unalia nini? Niliona Bibi ni mgumu kuridhika, kama alivyokuwa Babu akisema. Bibi akaninyang'anya ile picha, kisha akamtuma mjomba akiokote kiti uwanjani, nacho kikapandishwa darini vile vile kilivyokunjwa, kikafungwa kamba. Alipotoka eda akaenda kwa Mfaume kumtaka radhi, akapokewa kwa heshima zote, akaletewa kiti na maji ya kunywa. Alirudi amenuna wiki nzima. "Kasema hana neno na mimi," akaeleza. "Ndiyo ujue kaninunia kweli." Tangu hapo Mfaume alituamkia vizuri, alituuliza habari, alituletea pole tulipougua. Ua wetu ukatulia. Sikuwa nimejua jinsi kelele za mtu mmoja zinavyoweza kujaza nyumba nzima.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Nilikua, nikafundishwa, nikaelewa, nikaona haya. Kumwendea sikuweza. Kila likizo nilimpitia nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaishia hapo.

Mwaka huu Bibi akafariki. Katika mazishi yake nilikaa kwenye dirisha lile lile nikisubiri. Najua nilikuwa nasubiri nini. Mtu akohoe kikohozi cha Bibi, avae kanga yake, atukane. Watu walikula, walisoma dua, walipiga picha kwa simu. Mfaume alikuja akiwa anaongozwa na mkongojo, akakaa kwenye safu ya wageni, akainua mikono, akatupa pole, akaondoka. Hakuna kilichoibiwa. Nililia siku ile kwa uchungu, na sehemu ya uchungu ule ilikuwa hasira tupu, kwa sababu bibi yangu alizikwa kama mtu asiye na mtani duniani, na aliyemsababishia ni mimi.

Sasa wifi yangu yuko sebuleni anaipigia hesabu fremu. Nikamwambia kwa ukali, "Wifi, hicho ni kielelezo cha kesi, si mapambo." Hakunisikia. Amezoea kutonisikia.

"Halafu tazama hii nakshi nyekundu," akasema. "Hapa pembeni. Umri ule ulijua kunakshi!"

"Nakshi gani? Kiti cha Babu hakikuwa na nakshi."

"Hii hapa, wifi, jamani. Macho unayo?"

Nikamnyang'anya picha. Upande wa kushoto, pale bega linapoegemea, juu ya ule mpasuko, kulikuwa na alama ndogo nyekundu zimepangwa kwa zamu, moja hivi na moja hivi, kwa ile rangi nyekundu iliyokuwa nzima kibatini. Zilianza juu zikashuka mpaka katikati ya mpasuko. Hapo zikakoma. Na pale zilipokoma kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu unaoning'inia mpaka karibu na mguu wa kiti.

Uzi. Nilichora uzi. Nakumbuka kabisa nilivyofurahi kupata mahali pa kutumia nyekundu, na sikujiuliza inatoka wapi. Mtoto huchora anachokiona. Maana yake ni shughuli ya watu wengine.

Nilikaa kwenye kochi la wifi, picha magotini, mpaka akaniuliza kama nina presha. Kumbe ndicho alichokuwa akikifanya Mfaume chini pale barazani, kila nilipokuwa nimejikunyata kwenye muhogo nikimngoja aondoke. Alikuwa anaishona ile kesho ya Babu, ili arobaini ikifika amtupie Bibi kiti kizima, amwambie maneno ambayo nayakisia na sitayaandika hapa. Mimi nikampelekea mgambo nusu ya njia. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba aliyenionyesha ni wifi yangu, na itabidi nimshukuru.

Picha nikaondoka nayo. Asubuhi iliyofuata nikapanda gari linalopita Rutamba, nikashuka kijijini, nikamkuta mjomba, nikamwambia apande darini. Akauliza kiti cha nini na nyumba inavuja. Nikamwambia panda. Kikashuka na vumbi, mavi ya mijusi na kamba yake ile ile. Tulipokifungua kililia kwenye maungio. Kushona kule kulikuwa pale pale, kumekoma pale pale nilipokuchora, ila uzi ulikuwa umepauka, na ncha yake panya wamekula. Miaka yote hii kilikunjwa na hakuna aliyekifungua, kwa sababu ya hasira.

Nikajitwika. Mjomba akataka kunisaidia nikamkatalia. Nyumba ya tatu si mbali, ila kiti cha uvivu kichwani mwa mwanamke mzima mwenye viatu vya mjini ni mkutano wa hadhara, na watoto walinifuata.

Mfaume alikuwa barazani, kwenye mkeka, jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu. Habari za nyumbani?"

Mama! Nikakibwaga kiti mbele yake, nikakifungua kwa kishindo. Hotuba niliyoitunga ndani ya gari ilinipotea yote. Nikasema tu, "Mbona hukumaliza?"

Alinyoosha mkono, akapapasa turubai, vidole vikaikuta ile mishono. Vikaifuata mmoja mmoja kushuka chini. Vilipofika mwisho vikasimama pale, vikazunguka ule uzi uliokatika, vikakaa. Nikafikiri nimemuumiza mara ya pili na safari hii sina hata utoto wa kujitetea.

"Umekuja na mgambo?" akauliza.

"Hapana."

"Na uzi? Umeleta?"

Nilikuwa nimeleta kiti. Nilikuwa nimeleta ushahidi wangu kwenye bahasha, na maandishi yake yote. Nilikuwa nimeleta sukari na majani ya chai. Nikapapasa mkoba kama mjinga, huku nikijua jibu.

"Sikuleta," nikasema.

Mfaume akainua uso, akavuta pumzi, na ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni ikatoka ikavuka ua, ikafika mpaka kwa mjomba.

"Jamani, njooni mwone! Miaka yote hii namngoja mke wangu, kaja bila uzi!"